Mwongozo kamili: Namna ya kuanzisha ubia wa magari ya gesi katika manispaa yenu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bajaji Dar es Salaam huwa na mazungumzo ya aina moja. Agosti 2022 lita ya petroli jijini ilifika shilingi 3,410, na tangu hapo swali la "gesi wanafunga wapi?" halijapoa. Gesi yenyewe si ngeni kwetu. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likafika Dar mwaka 2015. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi mtu akisema anakwenda kujaza gesi ilieleweka anakwenda Ubungo, na ajipange na foleni.

Mwenye gari husubiri kituo kifunguliwe karibu na kwake. Mwenye mtaji wa kituo husubiri magari yawe mengi. Benki inawasubiri wote wawili, na halmashauri inasubiri mtu alete barua ya kuomba kibali. Ubia ninaouelekeza hapa una kazi moja: kuwakalisha hawa wanne meza moja na kupata kutoka kwa kila mmoja ahadi yenye tarehe, ili magari na vituo vikue kwa mwendo mmoja. Ukifunga mitungi mingi kuliko uwezo wa kujaza, umetengeneza foleni. Ukijenga kituo bila magari, umetengeneza deni.

Naandika nikiwalenga ofisa biashara au ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mwenyekiti wa kijiwe cha bajaji au teksi, mwenye gereji, na kiongozi wa SACCOS. Mfano wangu ni Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Hakikisha gesi ndiyo nishati yenu

Gesi asilia iliyoshindiliwa, ile ambayo vibao vya vituoni vinaiandika CNG, inafaa pale bomba lilipo au lilipo jirani: Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara. Inaweza kubebwa na malori yenye mitungi mikubwa hadi mikoa mingine, lakini kila kilomita ya lori hilo inaingia kwenye bei ya kilo.

Ukiwa Mwanza, Mbeya au Arusha, ningeanza kufikiria umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na uniti ya LUKU kwa mteja wa kawaida inacheza kwenye shilingi 350 na ushei. Majirani wametangulia. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi isipokuwa iwe ya umeme. Kenya, mamlaka ya nishati iliidhinisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo usiku wa manane inashuka hadi nusu. Kote huko serikali imeleta kanuni na bei, kampuni zimeleta pikipiki na makabati ya kubadilishia betri. Hatua nyingi za mwongozo huu zitakufaa pia kwenye umeme. Badilisha tu neno mtungi uweke betri.

Jambo moja uliseme mapema, kabla wenye kelele hawajalisema kwa niaba yako: gesi asilia bado ni mafuta ya kuchimbwa. Moshi wake ni msafi zaidi kuliko wa dizeli, masizi ni kidogo sana, na hewa ya ukaa inayotoka kwenye ekzosi hupungua kwa kama robo au moja ya tano ukilinganisha na petroli. Lakini methani ikivuja bila kuungua huipasha dunia joto mara nyingi zaidi kuliko hewa ya ukaa, kwa hiyo mtungi unaovuja unakula faida yote hiyo. Usiwaahidi watu hewa ya peponi. Waahidi gharama nafuu na moshi kidogo, vyote viwili vitaonekana.

Hatua ya 2: Anza na wanaokula barabara

Kosa la kawaida ni kuanza na gari la mkurugenzi kwa ajili ya picha. Chukua kalamu, piga hesabu. Bei ninazotumia hapa ni za mfano: petroli shilingi 3,000 kwa lita, gesi shilingi 1,550 kwa kilo, na kufunga mfumo kwenye gari dogo shilingi 2,000,000. Weka bei za siku unayosoma. Kumbuka kwamba kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na watu wengi husahau hapo, wakalinganisha kilo na lita kana kwamba ni kitu kimoja.

Dereva wa teksi mtandao anayetembea kilomita 150 kwa siku na gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita anachoma lita 12.5, yaani shilingi 37,500. Kwa gesi atahitaji kama kilo 9, shilingi 13,950. Kwa siku anabakiwa na zaidi ya shilingi 23,000, na mtungi unakuwa umejilipa ndani ya siku 85 hivi za kazi. Sasa mchukue mwalimu mwenye gari kama hilohilo, anayetembea kilomita 20 kwenda na kurudi shuleni. Anaokoa shilingi 3,000 na kidogo. Ili arudishe milioni mbili atasubiri siku zaidi ya 600 za kazi, miaka miwili na ushei, na hapo hatujahesabu muda wake foleni.

Kwa hiyo orodha yenu ya kwanza iwe ya bajaji, teksi, na magari ya kusambaza bidhaa yanayotumia petroli: vyombo vinavyotembea kutwa nzima na kurudi kulala mahali pamoja. Mwalimu atakuja baadaye, mwenyewe, akishaona.

Angalia pia aina ya injini. Injini ya petroli ina plagi, inapokea gesi bila matata na inabaki na uwezo wa kurudi kwenye petroli ukibonyeza swichi. Injini ya dizeli haina plagi. Ama uchanganye gesi na dizeli, ama uibadilishe injini kwa gharama kubwa. Daladala nyingi za aina ya Coaster, na malori ya taka ya manispaa, ni dizeli. Usimwahidi tajiri wa Coaster bei ya IST. Kwa malori ya taka, kinachofanyika vizuri ni kuandika kwenye mpango wa ununuzi kwamba lori linalofuata kununuliwa liwe la gesi kutoka kiwandani. Dangote, kwa mfano, huendesha malori yake ya saruji kwa gesi, kwa hiyo hilo si jambo la kubahatisha nchini.

Hatua ya 3: Meza na mratibu

Wanaohitajika mezani ni wachache kuliko unavyodhani: halmashauri, mwenye kituo au anayetaka kukijenga, gereji moja au mbili zenye mafundi waliosomea kazi hii (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, imekuwa ikifunga mifumo na kufundisha), taasisi ya fedha, na viongozi wa madereva. Hao wa mwisho waje wawili wawili kutoka kila kijiwe kikubwa, kwa sababu mmoja akipata abiria wa Bagamoyo hutamwona. TPDC (shirika la mafuta na gesi la taifa), EWURA, LATRA (wasimamizi wa usafiri wa ardhini) na Zimamoto waalikwe kama wageni wa kudumu. Wao ni wasimamizi, si vizuri wawe wabia na wasimamizi kwa pamoja.

Wamarekani walianza kitu kinachofanana na hiki mwaka 1993 chini ya Wizara yao ya Nishati, wakakiita Clean Cities, mji wa kwanza ukiwa Atlanta. Serikali kuu ilileta utaalamu na ruzuku, kila mji ukaunda muungano wake wa halmashauri, kampuni na wenye magari. Ninachokipenda kwenye mpangilio wao ni kwamba kila muungano una mratibu anayejulikana kwa jina. Kamati ya watu 15 isiyo na mtu wa kupiga simu Jumatatu asubuhi ni kikundi cha WhatsApp tu. Mchangieni mratibu posho na vocha, mpeni meza kwenye ofisi ya halmashauri au ya SACCOS, na mwaka wa kwanza msimpe kazi nyingine.

Kikao kipangwe saa nne asubuhi. Kabla ya hapo madereva wako kwenye kichwa cha asubuhi, yaani saa za abiria wengi, na baada ya saa sita wanaanza kuangalia saa. Niliwahi kuhudhuria kikao cha aina hii kilichoitishwa saa tisa alasiri hotelini, kwa makabrasha na chai ya maziwa. Walikuja maofisa 20 na dereva mmoja, naye alikuwa amemleta ofisa.

Hatua ya 4: Pima foleni kabla haijazaliwa

Hapa ndipo ubia mwingi huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Julai 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi yote ya Delhi yahamie kwenye gesi. Desemba mwaka huo ikaundwa kampuni ya ubia, Indraprastha Gas, ndani yake mkiwa na mashirika ya GAIL na Bharat Petroleum pamoja na serikali ya Delhi. Amri ilikuwa nzuri na hewa ya mji ilihitaji dawa. Lakini magari yalibadilishwa kwa kasi ya mahakama na vituo vikajengwa kwa kasi ya vibali, na kufikia mwaka 2001 na 2002 madereva walikuwa wanatumia saa nyingi kwenye mistari ya kujaza. Kazi ilikamilika mwishoni mwa 2002. Nani aliyelipia zile saa za foleni? Dereva.

Sasa tupime ya kwetu. Kujaza gari moja, ukihesabu kuingia, kushuka, kuunganisha, kulipa na kutoka, ni dakika 7 au 8. Mkono mmoja wa pampu basi unahudumia magari 8 kwa saa. Tuseme mna vyombo 500 vya gesi, na 150 kati yake vinataka kujaza kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja, kabla ya kichwa cha asubuhi. Kwa saa mbili mkono mmoja unamaliza magari 16. Kituo chenye mikono minne kinamaliza 64. Waliobaki 86 ndio foleni yenu, na watakuwa nje barabarani wakizuia daladala, na diwani atapigiwa simu.

Dawa si lazima iwe kituo kipya. Bei ya usiku iwe chini kidogo ili bajaji zijaze saa tatu usiku dereva anapoelekea kulala. Bajaji zipewe mkono wao peke yao, maana mtungi wake ni mdogo na hujaa upesi. Kijiwe kipewe zamu. Lakini baada ya hayo yote, kuwe na kanuni iliyoandikwa: wastani wa kusubiri ukizidi dakika 30 kwa wiki mbili mfululizo, gereji zinasimamisha kufunga magari mapya hadi mkono mwingine uwashwe. Gereji hawataipenda kanuni hii. Isimamieni hivyohivyo. Dereva anayeingiza shilingi 6,000 kwa saa akikaa foleni saa mbili amepoteza 12,000, yaani nusu ya ile nafuu tuliyomhesabia hapo juu.

Swali la pili ni aina ya kituo. Kituo mama kiko juu ya bomba, kinashindilia gesi chenyewe na kujaza magari na malori ya kubebea. Kituo tanzu kinaletewa gesi na lori. Kituo tanzu ni rahisi kujenga na kinaweza kukaa mahali pasipo na bomba, ila kina ugonjwa wake: lori likikaribia kuisha, presha inashuka, na asiye na mashine ya kuongeza presha anampimia mteja mtungi usiojaa. Gari linapaswa kutoka na presha ya bar 200. Likitoka na 140, dereva atarudi kujaza mchana, na foleni inaongezeka kwa gari lilelile. Basi mnapojadiliana na mwenye kituo, msiulize tu "utauza kilo shilingi ngapi?" Muulizeni lori la pili litafika la kwanza likiwa limebakiwa na kiasi gani, na mwandike jibu lake.

Hatua ya 5: Tajiri, dereva na hesabu ya jioni

Kwenye kijiwe kimoja cha Temeke nilimaliza kueleza nafuu ya gesi kwa mbwembwe zote. Kijana mmoja aliyekuwa amelala kwenye siti ya nyuma ya bajaji yake akainua kichwa: "Kaka, hiyo nafuu ni yangu au ya tajiri?"

Sikuwa na jibu, na swali lake lina uzito kuliko yote ya kitaalamu. Bajaji nyingi si za anayeziendesha. Dereva anampelekea tajiri hesabu kila jioni na mafuta ananunua mwenyewe. Tajiri akigharamia mtungi, nafuu inaingia mfukoni kwa dereva. Tajiri si mjinga; ama atakataa, ama atapandisha hesabu moja kwa moja na dereva ataona heri petroli. Dereva naye akigharamia, kesho anaweza kunyang'anywa chombo pamoja na mtungi wake. Na yule wa mkataba, ambaye baada ya mwaka na miezi chombo kinakuwa chake, anaogopa kuongeza deni juu ya deni.

Njia iliyo rahisi kueleweka ni hii. Tajiri alipie mtungi au achukue mkopo. Hesabu ipande kwa kiasi kinachojulikana, tuseme shilingi 4,000 kwa siku, mpaka fedha ya mtungi irudi pamoja na faida kidogo waliyokubaliana. Siku hiyo ikifika, hesabu inarudi ilipokuwa, au inabaki juu kwa shilingi 1,000 kama shukrani kwa mwenye mali. Yote yaandikwe kwenye karatasi moja kwa Kiswahili, wasaini tajiri, dereva na mwenyekiti wa kijiwe. Kwa wa mkataba, siku za mtungi ziongezwe mwishoni mwa mkataba badala ya kuongezwa kwenye rejesho la kila siku. Deiwaka naye asisahaulike: anayeshika chombo Jumapili ajaze gesi, asije akakimbiza petroli kwa kuwa si yeye anayelipa deni.

Utaona ajabu kwamba kazi kubwa ya mradi wa nishati ni kupatanisha watu wawili kuhusu shilingi elfu nne. Ndivyo ilivyo.

Hatua ya 6: Fedha ya kufungia

Mlango wa kwanza ni halmashauri yenyewe. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana wa kijiwe kikiomba fedha ya kufungia gesi bajaji zao wenyewe, andiko lao linajieleza: chombo kipo, kazi ipo, nafuu ya kila siku ndiyo rejesho. Mratibu awasaidie kuandika, na amshirikishe ofisa maendeleo ya jamii tangu mwanzo asije akaliona andiko kwa mara ya kwanza siku ya mwisho.

Mlango wa pili ni SACCOS au benki. Benki itauliza dhamana. Jibu linaweza kuwa pampu. Peru, tangu katikati ya miaka ya 2000, gari lililofungwa gesi kwa mkopo linawekwa kifaa kidogo cha utambulisho. Pampu inakisoma kabla ya kutoa gesi, na kila mara dereva anapojaza, sehemu ya anacholipa inakwenda kwenye deni lake. Kifaa hichohicho kinaonyesha kama mtungi umekaguliwa. Usipokaguliwa, pampu haitoi kitu. Sisi tunaweza kuanza na kitu cha kawaida zaidi, namba ya gari na malipo ya simu: dereva analipa kilo yake pamoja na shilingi 500 au 700 ya mkopo kwa kila kilo, mwenye kituo anapeleka SACCOS kila Ijumaa. Asiyejaza hadaiwi siku hiyo. Hata mgonjwa akilala nyumbani wiki nzima, deni halimfuati na faini.

Hatua ya 7: Gereji, mtungi na moto

Hapa msiwe na huruma. Mtungi wa gesi ya magari umetengenezwa kubeba presha ya bar 200. Mtungi wa gesi ya kupikia hauna ubavu huo hata kidogo, na mtu anayeufunga kwenye gari anaandaa bomu. Kila mtungi uwe na namba, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kupimwa tena. Ukinunua mtungi wa mtumba usio na maandishi hayo umenunua chuma chakavu. Fundi asiunganishe wala asichomee karibu na mtungi. Mirija isipite karibu na ekzosi. Kwenye bajaji, mtungi ufungwe kwa mikanda ya chuma na mpira katikati, maana barabara zetu za mitaani zinatikisa kila kitu.

Faida moja ya gesi asilia ni kwamba ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi hupanda na kupotea, tofauti na ya kupikia inayotambaa chini kutafuta jiko. Lakini ndani ya gereji yenye paa lililoziba itajikusanya juu, kwa hiyo paa liwe na matundu. Imetiwa harufu makusudi. Mfundishe dereva: ukisikia harufu, zima, funga valvu ya mtungi, shuka na abiria wako, piga simu.

Sajili ya vyombo vyote ishikwe na mratibu: namba ya gari, namba ya mtungi, gereji iliyofunga, siku ya ukaguzi. Kila gari libandikwe stika ya gesi nyuma, ili siku ya ajali Zimamoto wajue wanakabili nini. Waalikeni wafanye mazoezi kituoni, na wenye nyumba jirani waje kutazama. Hofu ya jirani isiyojibiwa ndiyo hugeuka pingamizi kwenye kibali.

Hatua ya 8: Karatasi

Kama kila upande unachangia kwa fedha yake na hakuna mali ya umma inayotolewa, hati ya makubaliano inatosha kuanzia. Siku halmashauri inapotoa kiwanja, tuseme pembeni ya stendi, kwa miaka 15 au 20, mmeingia kwenye Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura ya 103, na mchakato wa ushindani kupitia mfumo wa ununuzi wa NeST. Mwanasheria wa halmashauri aitwe siku hiyo, kabla ya kumwonyesha mwekezaji kiwanja. Nimeona eneo zuri likikaa na magugu miaka mitatu kwa sababu mtu wa kwanza kuahidiwa hakuwa aliyeshinda.

Kituo chenyewe kitapitia EWURA kwa kibali cha ujenzi na leseni, NEMC kwa mazingira, Zimamoto, OSHA kwa usalama wa wafanyakazi, TBS kwa ubora wa vifaa, na Wakala wa Vipimo kwa pampu. Mtu akikuambia miezi mitatu, mshukuru na upange mwaka.

Vipengele vitatu msiviache. Cha kwanza ni idadi: madereva wanaahidi vyombo vingapi vitafungwa kufikia tarehe gani, na kituo kinaahidi kilo ngapi kwa siku na mikono mingapi kufikia tarehe hiyohiyo. Bajaji 300 za kilo tatu na nusu na teksi 200 za kilo tisa ni kilo 2,850 kwa siku. Namba hiyo ndiyo mwenye kituo anaipeleka benki. Cha pili ni kodi. Hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, na siku ile simu yangu haikupoa. Siku yoyote linaweza kurudi jambo la aina hiyo, kwa sababu anayetumia gesi hachangii tozo ya barabara iliyomo ndani ya lita ya petroli. Andikeni mapema: tozo ikija, marejesho ya mkopo yatarefushwa kwa muda gani, na hesabu ya tajiri itaangaliwa upya na nani. Cha tatu ni kutoka. Mwenye kituo akishindwa au akiuza, sajili ya magari na fedha za mikopo zinabaki kwa nani? Zibaki kwa ubia.

Hatua ya 9: Vyombo 30 vya kwanza

Msizindue na vyombo 500. Chagueni 30 kutoka vijiwe viwili, madereva wanaosikilizwa na wenzao, angalau wachache wakiwa ni wale wabishi. Kila mmoja apewe daftari la mistari minne: kilomita, kilo, shilingi, dakika za foleni. Wiki nane zinatosha. Mfundishe kila mmoja mambo ambayo hakuna anayemwambia gereji: mtungi hupokea gesi nyingi zaidi kidogo ukijazwa asubuhi kukiwa na ubaridi kuliko saa nane mchana, gari lizimwe na abiria washuke wakati wa kujaza, na petroli kidogo ibaki kwenye tangi na iwashwe dakika chache kila siku, maana pampu yake ikikaa kavu itakufa.

Watakuja na malalamiko. Gari limepungua nguvu kwenye mlima, na kweli, hupungua kidogo, zaidi kama fundi hakuirekebisha vizuri. Mtungi umekula buti, na abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku matatu anaghairi safari. Kwa dereva wa uwanja wa ndege tafuteni mtungi mdogo au wa kulala chini, au mwambieni ukweli kwamba kazi yake haifai. Kumtoa mtu mmoja kwenye mradi kwa heshima kunaleta watano.

Baada ya wiki nane, bandikeni madaftari ukutani kijiweni, pamoja na yale mabaya. Mratibu asisome hotuba. Aje na kalkuleta, akae kwenye benchi, na kila anayetaka kufungiwa alete namba zake: kilomita kwa siku, lita kwa siku, hesabu ya tajiri, na saa anayopenda kujaza. Hiyo ya mwisho aiandike kwa wino mwekundu, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama gari lake linafungwa mwezi huu au linasubiri mkono wa tano wa pampu.